Kipimo cha Vinyweleo

Wizara ya Utamaduni na Masikio Bora ilitangaza, kwa furaha kubwa, kwamba tatizo la wanamuziki kurudia nyimbo za wenzao limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Kuanzia siku hiyo, anayetaka kurekodi wimbo wa mtu mwingine angefika mbele ya Kamati, aeleze sababu, kisha aimbe. Sharti lilikuwa moja tu: asiimbe vizuri kumzidi mwenye wimbo. Heshima kwanza.

Mkurugenzi wa Kamati, ambaye watumishi walimwita Bwana Muhuri akiwapa mgongo, aliliona sharti hilo kuwa la busara kupindukia, hasa kwa kuwa lilitungwa na Waziri mwenyewe. Alipewa stoo ya viti vibovu akaigeuza ofisi. Ukutani alibandika trei za mayai, feni akaizima isiingilie sauti, na mhasibu mmoja mwenye mikono ya manyoya akateuliwa kuwa Kipimo. Mtu akianza kuimba, mhasibu alikunja shati hadi kiwikoni na kuuweka mkono mezani, chini ya taa. Vinyweleo vikisimama, maombi yameanguka. Vikilala, mwombaji anapewa cheti. Hakuna mizengwe.

Wanamuziki ni watu wa mjini, wakajifunza upesi. Walikuja wametafuna barafu, wengine wana mafua ya kuazima. Huyu alisema anarudia wimbo wa mwenzake kwa sababu wake mwenyewe umegoma kuja. Yule alisema watu wa baa wanaujua tayari, kwa hiyo kuitikia si kazi. Bwana Muhuri alikuwa akitikisa kichwa na kusema, "Sababu imepokelewa."

Asubuhi moja akaingia fundi cherehani, mwanamke mwenye tepu ya kupimia shingoni, amemshika baba yake mkono. Baba ndiye Mzee Nyuzi, mpiga gitaa aliyewahi kuvuma kweli kweli. Sasa sauti yake ilibaki mkwaruzo.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, dada. Sababu?"

"Wimbo ni wa baba. Masikio yake yanakwenda, daktari kasema hayatafika mbali. Nataka ausikie kutoka kwangu wakati bado anasikia."

Akaimba. Kufika ubeti wa pili, vinyweleo vya mhasibu vikasimama vyote. Bwana Muhuri naye akajikuta akipiga mdundo kwa mguu chini ya meza, maana huo ndio wimbo aliomtongozea mkewe. Akakohoa kiofisi.

"Maombi yameanguka. Umemzidi mwenyewe."

"Mwenyewe si ndiye mimi?" akasema Mzee Nyuzi. "Na nimefurahi!"

"Furaha yako, mzee wangu, haina kifungu."

"Mwanangu, mimi niliuimba mpaka nikaishia. Wenyewe haukuishia. Unadhani watu wanarudia kwa nini?"

Bwana Muhuri aliliandika swali hilo kwenye daftari la Kamati, jibu lisubiri kuidhinishwa. Akamgeukia binti kwa upole. "Rudi wiki ijayo, dada. Haribu kidogo tu, nitakupitisha."

"Mbele ya baba? Siwezi."

Alikaa na baba yake kwenye benchi la mlangoni, machozi yakimlengalenga, akakataa kuondoka.

Hapo hapo honi ikalia nje. Waziri alikuwa amefika na mtangazaji wa redio, moja kwa moja hewani, kuonyesha taifa kwamba hata wakubwa wanafuata utaratibu. Naye alitaka kurekodi wimbo. Alichagua ule ule wa Mzee Nyuzi.

Waziri akaimba, kitambi mbele, macho amefumba. Mkono wa mhasibu ulitulia. Vinyweleo vililala fofofo.

Bwana Muhuri nusura aruke kwa furaha. Alikuwa ameingoja kwa hofu siku ya kumwangusha bosi, na sasa sheria na tumbo lake vimekubaliana! Akaisogelea maikrofoni, akasoma cheti kama kilivyoandikwa.

"Mheshimiwa amefaulu kwa kiwango cha juu kabisa. Kamati inathibitisha kwamba mwombaji ameimba hafifu kuliko mwenye wimbo, na kwamba hakuna aliyesisimka."

Kutoka dirishani kikasikika kicheko cha dereva wa Waziri, aliyekuwa akisikiliza redio ya gari.

"Nani katunga upuuzi huu?" Waziri akafoka.

"Wewe, Mheshimiwa."

"Basi nimeufuta! Sasa hivi! Kila mtu amzidi amtakaye!"

Maikrofoni ilikuwa bado wazi. Taifa zima likasikia, isipokuwa Mzee Nyuzi, aliyekuwa ametega kiganja sikioni.

"Kasemaje?"

"Kasema nikuzidi, baba."

"Anza basi, kabla hajabadili mawazo."

Akaanza pale pale benchini, mdomo karibu na sikio la baba yake, na mzee akalia bila kujificha. Bwana Muhuri akaitikia kiitikio, hakumbuki nani alimruhusu. Waziri alivuta mkono wa koti haraka hadi kwenye vidole, lakini mhasibu, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameshaona.