Jenerali Avuka Ua

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeingia kwenye historia ya ufugaji! Nimenunua samaki wawili wa kigeni, dume na jike, kwa muuza samaki wa mapambo. Vichwa kama vya joka, meno kama msumeno. Nilipowabeba tu, muuzaji akafunga duka. Uchungu wa kuagana nao, bila shaka. Dume nimemwita Jenerali, nikawatia wote wawili kwenye bwawa langu la perege. Mke wangu akauliza wanakula nini. Nikamwambia mambo ya kitaalamu aniachie mimi. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ana bwawa upande wa pili wa ua na hachoki kusifia perege wake. Atanyamaza!

Jumapili, 9 Machi
Perege wangu hawaonekani sana. Nadhani wanamwonea haya mgeni. Jenerali amenawiri.

Jumamosi, 22 Machi
Perege wamekwisha. Hasara? Wapi! Wote wamo ndani ya Jenerali. Nimewaweka pamoja tu. Na vifaranga wake hawahesabiki! Shemeji amechungulia, akasema hao ni balaa, niwaue leo leo. Nikamjibu kijicho kitamzeesha.

Alhamisi, 17 Aprili
Mvua kubwa. Bwawa limefurika. Nimemkuta Jenerali nje ya maji, anajiburuta kwenye majani, kifua mbele, kuelekea kwa shemeji. Anapumua hewa kama mimi! Ilifaa nimzuie. Nikabaki kumtazama, machozi yakinilenga. Na watoto wake nyuma, msafara mzima!

Jumanne, 13 Mei
Bwawa la shemeji limebaki maji matupu. Mke wangu amehamia kwake kusaidia kutega nyavu, akaniambia nisimsemeshe. Afisa uvuvi amekuja, amefura, akasema samaki wangu wameuvamia mto mzima mpaka ziwani. Nikamwomba arudie kwa sauti, majirani wasikie. Mpaka ziwani! Perege wa shemeji hawakuwahi kuvuka hata ua.

Jumatano, 14 Mei
Nimemwona shemeji ameketi ukingoni, ndoo tupu mapajani. Roho imeniuma, kweli. Nikaenda kumwomba radhi, nikavuta nyavu nao mpaka mikono ikachubuka. Mke wangu akalainika, akasema angalau sasa nimejifunza. Nikamwambia nimejifunza mno. Nyavu hazifui dafu hapa! Nimepata habari za mtu anayeuza fisi maji, mnyama anayekula samaki mchana kutwa. Nimeagiza jike mmoja tu, kwa tahadhari.
Nimeambiwa ana mimba. Bahati iliyoje!