Saa Isiyosikia Kidole Changu

Jumatatu, 12 Mei

Nimenunua saa janja! Hapa hapa sokoni Kochkor, mji wetu wa milimani. Muuzaji ameapa haijawahi kuvaliwa na binadamu. Ina laini yake ya simu, na afadhali, maana simu yangu ni ya vitufe. Nailoni ya kioo sijaibandua. Dada yangu Sayra hajaibandua ya friji lake, na huu ni mwaka wa tisa. Kitu kipya hakivuliwi nguo hovyo.

Sababu: Burulkan. Mjane, muuza nyuzi na vifungo. Kila asubuhi anapita mbele ya dirisha langu kwenda kutembea kando ya mfereji. Ana saa kama hii, katumiwa na binti yake aliyeko Korea. Mimi niko ndani nashona matandiko ya farasi. Sindano mkononi, macho barabarani. Akipita tu, mshono unakwenda upogo. Wateja wangu wote wanapanda farasi kwa kuegemea upande mmoja.

Kikwazo: Kemel. Mwalimu mstaafu wa Kijerumani. Anatembea naye! Ana saa na fimbo mbili za kutembelea kwenye theluji, na theluji ilishayeyuka.

Hila yangu ni hii. Saa hizi huhesabu hatua; mtu humwalika mwenzake, kisha kila mmoja huziona hatua za mwingine. Basi nikaenda dukani kwa Burulkan, nikanunua vifungo nisivyovihitaji, nikaulaza mkono juu ya meza mpaka akauona. Akasema, kumbe na wewe baike umo! Akachukua namba, akaahidi kunialika. Baike ni kaka mkubwa. Ananiheshimu sana. Heshima hiyo itanizika.

Jumanne, 13 Mei

Mwaliko wa Burulkan umefika! Saa imetetemeka mkononi nikadhani nyuki. Picha ya bahasha, jina lake kwa herufi za Kizungu, na chini yake neno moja kubwa: TAP.

Nikalisoma kama tulivyofundishwa shuleni, kwa herufi zetu, ambamo P husomwa r: tar. Yaani, kwa lugha yetu, imebana. Loo, saa nyeti hii! Nikalegeza mkanda tundu moja. TAP. Tundu la pili. TAP. Nikafika tundu la mwisho, bado inalalamika. Mimi, fundi wa mikanda! Nikaona haya. Nikakata ngozi nzuri ya ndama, nikaitengenezea mkanda mpya, mpana na mrefu. Ikawa inapanda hadi kiwiko na kushuka kama bangili ya bibi harusi.

Wakati wa chakula cha mchana ikachomoka, ikazama kwenye supu ya Sayra. Akaiopoa kwa kijiko. Akasema wanaume wa watu hutongoza kwa mdomo, lakini kaka yake ni domo zege, anatongoza kwa mkono, na mkono wenyewe hauna shabaha. Nimeendelea kula. Supu ilikuwa yake.

Saa ni nzima. Kioo kinanuka kondoo. Na bado kinasema imebana.

Alhamisi, 15 Mei

Nimejishusha. Nimekwenda kwa Kemel. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimeinama mpaka kiuno kikalia.

Kemel akavaa miwani, akacheka kwa pua. Akasema, fundi, hizo si herufi zetu, ni za Kizungu. Hiyo ya mwisho unayoisoma r ni p. Hapo pameandikwa tap, na kwa lugha yetu tap ni nini? Tafuta!

Tafuta! Nikauliza nitafute nini. Akasema saa ndiyo inayojua, yeye ni mwalimu, si mganga.

Nimetafuta siku nzima. Ndani ya boksi la saa. Chini ya boksi. Mfukoni mwa koti nililovaa sokoni. Nimerudi hata kwa muuzaji kumuuliza kama kuna kipande kilichobaki kwake. Sayra akauliza natafuta nini. Nikasema sijui. Akasema nikikipata nimjulishe, huenda ikawa ni ile akili yangu iliyopotea.

Asubuhi Burulkan alisimama kwenye geti letu. Alikuwa peke yake! Akatazama dirishani, akainua mkono wenye saa, kama anayeuliza jambo. Mimi nikaingia chini ya meza. Sijui kwa nini. Miaka miwili namsubiri mwanamke huyu asimame, na aliposimama nikawa natazama miguu ya kiti. Nilipotoka alikuwa ameshapita. Moyo unaniuma kweli.

Ijumaa, 16 Mei

Tumekutana kwenye meza ya mikate sokoni. Nisingeweza kuingia chini ya meza ya watu. Burulkan akauliza mbona kimya, kama sitaki mwaliko niseme tu, hatakasirika. Nikamweleza kwamba saa ilikuwa imebana, kisha ikanituma kutafuta. Akasema ni Kiingereza hicho, maana yake gusa. Gusa tu, baike, haiumi.

Kemel hajui Kiingereza wala aibu!

Nimerudi nyumbani mbio. Nikagusa. Kimya. Nikagusa kwa nguvu. Kimya. Kidole gumba, cha shahada, vidole vyote kwa zamu kama wanafunzi wanaoitwa ubaoni. Kimya. Nikakifuta kioo kwa kitambaa. Nikaichaji saa mpaka ikashiba. Nikabonyeza kitufe cha pembeni na kukishikilia, ikazima, ikawaka, bahasha ile ile. Mwisho nikafanya lisilofanyika katika ukoo wetu: nimebandua nailoni. Sayra akageuka pembeni.

Kimya!

Ndipo nikavitazama vidole vyangu. Miaka ya msumari, nta na ngozi mbichi. Vimekuwa soli. Sindano ikinichoma najua kwa kuona damu. Kioo hakina habari kwamba kimeguswa na mtu.

Basi nikawaza, ni wapi penye ngozi laini mwilini mwangu? Pua! Nikainama, nikagusa kwa pua. Ikasikia! Bahasha ikafunguka! Zikatokea alama mbili, vema ya kijani ya kukubali na mkasi mwekundu wa kukataa, zimepakana. Nikainama tena, pole pole, nikilenga vema.

Pua yetu ni pua ya ukoo. Babu aliombwa aigeuze pembeni ili ienee kwenye picha ya harusi. Imetua kwenye vyote viwili, na saa imechagua mkasi. Bahasha imetoweka.

Nimemkataa Burulkan. Mimi. Kwa pua.

Jumamosi, 17 Mei

Amepita bila kutazama dirisha. Kemel alikuwa pembeni yake akichapa fimbo zake, anaongea, anaongea. Burulkan alivaa kilemba cha bluu. Alitazama chini njia nzima.

Sijashona kitu. Sayra kaleta chai ya maziwa na maandazi, boorsok za moto, na hakunitania. Hapo ndipo nilipojua kwamba hali ni mbaya.

Natamani angenisema tu. Natamani aingie hapa na hasira zake zote, akae kwenye kile kiti, anifokee mpaka chai ipoe.

Jumapili, 18 Mei

Nimekwenda dukani kwake. Sayra alinisukuma mpaka nje ya geti, akafunga kwa ndani. Nilikuwa nimeandaa maneno mazito kuhusu hatima. Nilipofika nikasema, ilikuwa pua.

Akauliza pua gani. Nikamwonyesha. Nikamweleza yote, vidole, mkasi, na nikainama juu ya mkono wangu ili aone ilivyokuwa. Burulkan alicheka akakosa pumzi, akakalia gunia la sufu, machozi yakimtoka. Kila akinyamaza ananitazama pua, anaanza upya. Sijawahi kuaibika hivyo. Sijawahi kufurahi hivyo pia.

Kisha akatuma mwaliko mpya. Saa ikatetemeka. Akaushika mkono wangu. Akaushika! Akagusa kioo kwa ncha ya kidole, mara moja, kidogo tu, nacho kikamtii kama kondoo. Amenialika mwenyewe na amekubali mwenyewe kwa niaba yangu.

Akavigeuza vidole vyangu huku na huku. Akasema vimekauka kama kurut, jibini letu kavu, iliyosahaulika darini. Akachota mafuta ya mkia wa kondoo kutoka kopo lake, akavipaka kimoja kimoja. Mimi nilikuwa natazama rafu ya vifungo. Sikumbuki hata rangi ya kimoja.

Akasema yeye hana haja na hatua za mtu. Kemel anamfundisha vitenzi vya Kijerumani kuanzia darajani mpaka mwisho wa mfereji, naye amechoka. Kesho Kemel anakwenda Bishkek kwa mambo ya meno. Akasema, "Mambetkul, kesho nitakusubiri getini kwenu. Acha saa nyumbani ukitaka. Njoo tu."

Mambetkul! Hakusema baike! Nimerudi nyumbani nikiwa nimeshikilia mikono hewani ili mafuta yasifutike.

Jumatatu, 19 Mei

Jana jioni nilifungua ukurasa wa hatua, kidole kimoja tu, na kioo kikasikia! Burulkan yuko juu kabisa. Kemel anamfuata. Na chini, chini kabisa, mimi. Hatua za mtu aliyetoka kitini kwenda kwenye birika na kurudi. Fedheha gani hii! Nitembee vipi na mwanamke kama yule wakati mkononi mwake ameniona nilivyo? Alisema hana haja na hatua. Ni adabu yake tu.

Kwa hiyo leo, kabla jua halijatoka, nimekwenda ng'ambo ya mto kwenye farasi wa binamu yangu. Nikachagua mtoto mmoja wa farasi, mwekundu, mwenye kiherehere. Nikamfunga saa mguuni, kwa mkanda ule ule wa ngozi ya ndama, safari hii barabara. Nikampiga kofi la matako. Hakuna hila niliyowahi kuifikiria vizuri kama hii!

Mama yake alitimua mbio naye. Kundi zima likawafuata, wakashika njia ya malisho ya juu milimani. Nimewakimbilia mpaka mapafu yakagoma. Binamu anasema hawatashuka kabla ya Septemba.

Nimefika nyumbani mchana. Sayra anasema Burulkan alisimama getini muda mrefu, na kilemba kile cha bluu. Aliita jina langu, mara nyingi. Akakaa kidogo kwenye benchi. Kisha akaenda mferejini peke yake. Sayra amelia. Mimi hata sijaelewa anacholilia.

Yule mtoto wa farasi bado anakimbia! Nimeshampita Kemel, nina hakika. Sasa hivi Burulkan anautazama mkono wake, anaona hatua zangu zinavyopanda, na ananiwaza.