Kitenzi ni Kuvuta

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Shajara yangu mpendwa, pokea salamu zangu za heshima, nawe uniwie radhi kwa kimya changu. Goti lilinizuia kuandika. (Naam, nafahamu kuwa mtu haandiki kwa goti.) Jirani yangu, fundi viatu, alinishauri bangi. Nikavuta sebuleni, kwa adabu. Goti likanyamaza. Moyo ukaenda mbio kama umeona nyoka!

Jumanne, tarehe 4 Machi
Binti yangu amenusa mapazia. Akauliza kama sioni haya, baba mzima, macho mekundu kama nyanya. Nikivuta tena, atanihamishia kwake. Niiache nyumba niliyoishi na marehemu mama yake? Sithubutu! Nimeapa, mkono juu ya Biblia, kwamba sitavuta. Kitenzi ni kuvuta. Walimu wetu wa misheni walitufunza kuheshimu vitenzi.

Jumatano, tarehe 5 Machi
Nimechemsha bangi birikani. Kunywa si kuvuta. Nusu saa, sijahisi kitu. Fundi kanipunja! Nimeongeza kikombe cha pili.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Samahani kwa mwandiko. Vikombe vyote viwili vilifika pamoja. Kinywa kikavu kama unga. Nilisimama, sakafu ikanijia. Nililiomba kabati radhi kwa kuligonga. Nilikula mkate pamoja na karatasi yake. Moyo ulipozidi kudunda nilipigia simu zahanati, nikaungama yote kwa unyenyekevu. Haikuwa zahanati. Alikuwa binti yangu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Binti alinipeleka kwa daktari, aliyeeleza kwa upole: presha ilishuka nilipoinuka, moyo wa uzee hauhitaji mbio, kumbukumbu hudhoofika, bangi ya kunywa hukawia, ndiyo maana watu hujizidishia. Akauliza kama mzee nimeelewa. Nikajibu nimeelewa yote, isipokuwa ya mwanzo, ambayo nimeyasahau. Binti alilia kwamba niliapa. Nikamfafanulia tofauti ya vitenzi. Akasema vizuri, baba, basi hatanihamisha. Atanibeba.

Jumamosi, tarehe 8 Machi
Nimebebwa. Naandika nikiwa kwenye kitanda cha juu, chumba cha wajukuu. Ngazi na goti langu havisalimiani. Binti kaniapisha upya: sitavuta, wala sitakunywa. Nimeapa kwa moyo safi. Mama wa mkwe wangu, mwanamke mcha Mungu anayeishi humu, analalamikia mgongo. Nilimnong'oneza, kwa heshima zote, kwamba kutafuna hakukutajwa. Alinikemea vikali. Kisha akauliza kama meno ya bandia yanafaa.
Mzigo atauleta fundi viatu kesho, baada ya ibada, ndani ya kiatu changu cha kushoto.