Jubilei Isiyopigiwa Kelele

Hollis aliegesha pikapu yake juani, mbali na benchi la duka la chambo, ingawa kivuli kilikuwepo. Kijiweni hapo wanamwita Zamani, maana hata sukari ya kahawa haombi bila kuanza na "zamani sisi".

Hajakaa vizuri, Tate mwenye duka akasoma kwenye simu: "Sikieni gazeti! 'Jubilei yatokea alfajiri. Kaa na samaki bapa wakosa hewa majini, wajileta wenyewe ufukweni. Wakazi wachelewa, wakuta alama za matairi tu.'"

"Matairi?" Verlene, ambaye jina lake la kijiweni ni Redio, akatua kikombe. "Yaani mtu kaona jubilei, kazoa, kanyamaza? Kwenye ghuba hii hii?"

Zamani akaona ajikinge kwa kelele. "Vijana hao! Zamani sisi, ukiona kaa wanapanda, unagonga sufuria nyumba kwa nyumba. Mama yangu akiita 'Jubileiii!', hata marehemu wanageuka kaburini. Watu mbio na mabeseni, na nguo za kulalia. Hakuna mkubwa wala mdogo, wote pamoja!"

"Wote?" Redio akamkazia macho. "Ufukwe wenu nyinyi weupe ulikuwa na uzio, Zamani. Sisi weusi tulipewa upande wa matope."

"Kaa hawakuujua uzio, dada."

"Mliujua nyinyi."

Tate akakohoa. Zamani akanywa kahawa, ikamuunguza.

"Mama yangu ana miaka tisini na moja," Redio akaendelea, taratibu sasa. "Kiangazi cha tatu hiki analala barazani, beseni mlangoni. Anataka aingie majini mara moja tena kabla hajafa. Leo asubuhi kaniuliza, 'Hawajaita?'"

Zamani akatazama viatu vyake. Vilikuwa na mchanga mbichi.

"Mzee," Tate akasema, "pikapu yako inavuja."

"Kiyoyozi hicho."

"Kiyoyozi kina miguu?"

Kaa mnene wa buluu alikuwa amedondoka toka chini ya turubai, akawa anakwenda upande upande kuelekea benchini, magando juu, kama shahidi anayeitwa mahakamani.

Redio hakupiga kelele, na hapo ndipo Zamani alipoogopa. "Simama," Redio akamwambia. "Ita."

"Saa nne hii, dada? Watu watanionaje?"

"Ita, baba!"

Akasimama, akavua kofia. "Jubilei," akasema.

"Hata paka hajasikia," Tate akamwambia.

"Jubileiii!"

Milango ikafunguka barabara nzima. Mbele ya wote alikuja Bibi Ouida, mama yake Redio, peku, gauni la kulalia kalikunja magotini tayari kwa maji, beseni kwapani. Akafika kwenye pikapu, akafunua turubai, akatazama maboksi manne ya barafu yaliyojaa kaa na samaki. Kisha akamtazama Hollis.

"Mama yako aliruka uzio kuja kuniita," akasema. "Wewe hata simu imekushinda?"