Mtu wa Mwisho Duniani Analalamikia Majirani

Kwa Msimamizi wa Malalamiko ya Wachezaji,
Kampuni iliyotengeneza mchezo wa "Mji Mtupu".

Ndugu Msimamizi,

YAH: WATU KATIKA DUNIA NILIYOUZIWA IKIWA HAINA WATU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa peke yako katika chumba chenye mlango unaofungika. Kama umezungukwa na watu, basi utanielewa haraka zaidi.

Mimi ni msichana niliyemaliza shule juzijuzi. Sina ugomvi na mtu yeyote, na hiyo ni kwa sababu siongei na mtu yeyote. Mwalimu wangu wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba mimi ni "mtulivu kupita kiasi", kana kwamba utulivu ni homa inayopimwa. Nyumbani kaka yangu ananiita Kobe. Mgeni akibisha hodi, kaka hutangaza kutoka sebuleni, "Kobe, ingia gambani, kuna mtu!" Huwa nimeshaingia kabla hajamaliza.

Mama alinipa pesa kama zawadi ya kumaliza shule, nijinunulie ninachotaka. Wenzangu walinunua viatu. Mimi nilinunua mchezo wenu, kwa sababu ya maneno mliyoandika nyuma ya kasha: "Mji mzima. Hakuna mtu. Ni wewe tu." Sijawahi kusoma tangazo likanigusa namna hiyo.

Kwa faida ya wale wa ofisini kwako ambao huenda wanautengeneza bila kuucheza, nieleze kidogo. Mchezaji anaamka katika mji ambao watu wake wote wameondoka, naye ndiye mtu wa mwisho duniani. Anachagua nyumba. Anaokota mbao, misumari na vitambaa, anatengeneza anachotaka, anaishi. Hakuna adui wala mashindano, na hakuna wa kumsalimia asubuhi. Wiki ya kwanza nilikuwa na furaha kiasi kwamba mama aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama nimepata mtu.

Kisha nikaona kiti. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kiti chenyewe. Kilikuwa barazani kwangu, cha mbao, kimepakwa rangi ya njano, kimegeuzwa kutazama upande jua linakozama. Kilikuwa hata na mto wa kuegemea. Sikukitengeneza mimi. Nikapekua maelezo yenu mpaka huko chini kabisa, mnakoweka mambo ambayo hamtaki yasomwe, nikakuta kwamba kitu alichotengeneza mchezaji mmoja kinaweza kutokea katika mji wa mchezaji mwingine, ingawa wenyewe hawataonana kamwe. Na huyo mwingine akikiongezea chochote, nyongeza yake inarudi kwa mwenye kitu. Ninyi mnaita jambo hili "zawadi". Mimi naomba kuuliza, mtu wa mwisho duniani anapewa zawadi ya kiti kwa lipi? Viti vyote vya dunia si vyake?

2. Pazia. Nyumba inayotazamana na yangu niliiacha tupu kwa makusudi, ili nisiwe na jirani wa mbele. Siku moja nikakuta madirisha yake yana mapazia yenye maua, na ndani taa inawaka. Nilirudi kwangu nikafunga mlango nikakaa kimya mpaka mwenye nyumba aondoke. Tafadhali zingatia hapo, Ndugu Msimamizi: nilijificha mtu asinione, ndani ya mchezo usio na watu. Kaka alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Yeye hucheka kila kitu, lakini safari hii aliniuliza kwa upole kabisa, "Mdogo wangu, umelikimbia pazia?"

3. Kengele. Mtu aliye mbali akitumia kitu chako na akafurahi, anabonyeza kitufe, na kengele inalia mjini kwako. Haizimiki, nimejaribu. Mara ya kwanza ilinililia kwa sababu ya ngazi niliyokuwa nimeiegemeza ukutani ili nikatoe misumari juu ya paa, nikaisahau. Mtu fulani katika mji wake akapanda ngazi yangu, akashukuru. Nilihisi uso unawaka moto mbele ya kompyuta. Siku hizi mama akiisikia kutoka jikoni hupaza sauti, "Umeitwa huko!" Husema kwa matumaini makubwa, na mimi sina moyo wa kumwambia ni ngazi.

4. Mabango. Mmewapa wachezaji maneno machache ya tayari, wayapange watakavyo na kuyabandika popote. Mmoja akabandika mbele ya nyumba yangu: "Jirani. Habari?" Shuleni nilikuwa na njia yangu ya kumaliza maswali kama haya, niliangalia miguu yangu mpaka muulizaji akachoka. Katika mchezo wenu siwezi, kwa sababu hamkunichorea miguu. Nikitazama chini naona barabara tu. Nilipoteza alasiri nzima nikichagua kati ya "Nzuri" na "Salama". Nikaandika "Nzuri", nikaifuta, nikaandika tena, nikakimbia.

5. Ubao. Hili ndilo kubwa, na ili ulielewe lazima nikueleze habari za shangazi.

Shangazi yangu ana duka la udobi mtaa wa pili kutoka kwetu, kati ya fundi saa na muuza rangi. Nimekulia katika chumba chake cha nyuma, chini ya meza ya pasi. Huko nyuma niko sawa kabisa. Naweza kunyoosha shati, kutoa doa la wino, kurudishia mkono wa koti, na huwa naimba. Shida iko mbele, kwenye kaunta, kwa sababu upande wa pili wa kaunta huwa kuna watu. Dada aliyekuwa akipokea wateja ameolewa na kuhama, na shangazi anataka nishike nafasi yake.

Nilijaribu asubuhi moja. Aliingia mteja wa kwanza, baba mwenye kofia mkononi, nami nikaingia katikati ya suti zilizotundikwa. Alingoja kwa adabu. Mwisho akaziuliza suti, "Samahani, nguo zangu ziko tayari?" Nikajibu kutoka humo ndani, "Bado." Yule baba aliruka akaangusha kofia.

Shangazi aliona yote. Hakunigombeza. Aliniambia, "Mwanangu, hawa ni wateja, sio polisi. Fikiria mpaka Jumamosi. Ukishindwa nitamchukua binti wa fundi saa, na wala sitakununia." Ndugu Msimamizi, shangazi yangu hununia watu wote. Amemnunia muuza rangi tangu nikiwa mdogo, kwa sababu ya ndoo. Aliposema mimi hataninunia, nilielewa kwamba ameshaanza kuniona kama mgeni.

Nikarudi nyumbani, nikaingia katika mji wenu kupumzisha akili, nikakuta barazani zawadi nyingine mbili. Basi nikachukua ubao mpana, nikaupigilia misumari kukatiza mlango wangu, usawa wa kiuno, kitu chochote kisipite. Juu yake nikabandika neno kutoka katika maneno yenu: "Pamefungwa." Nilijua mtu yeyote mwenye akili, akiona ubao na neno hilo, ataelewa.

Walielewa. Walielewa kwamba ni duka.

Ubao wangu mliusambaza katika miji ya watu bila hata kunidokeza. Mmoja akaweka juu yake chupa ya maua. Mwingine akabandika pembeni: "Kesho?" Mwingine: "Nasubiri." Kisha pakatokea benchi, refu, lenye kivuli, kwa ajili ya hao wanaosubiri. Mtu wa mwisho duniani ana foleni!

6. Koti. Juu ya ubao mtu aliacha koti la buluu, mkono mmoja umefumuka begani unaning'inia. Nililipita. Nikalipita tena. Nilijiambia halinihusu, dunia imekwisha, nani atavaa? Lakini mimi nimelelewa na watu ambao hawawezi kula chakula kikashuka huku mkono wa koti unaning'inia mbele yao. Nikalishona, nikalikunja, nikalirudisha. Kengele ikalia. Kesho yake pakawa na sketi, suruali zilizotoboka magoti, na kofia ambayo sijui ilipitia mambo gani.

Sasa nawafahamu, na hilo ndilo siwezi kuwasamehe. Yupo anayekunja nguo zake mikono ikiwa ndani, kwa hiyo najua amelelewa vizuri. Yupo anayechana mfuko uleule kila mara. Sijui anabeba mawe? Na yupo anayebandika "Samahani" juu ya kila nguo anayoleta. Nilimvumilia mpaka nikachoka, nikambandikia "Hakuna shida". Akajibu "Asante". Nikajibu "Karibu". Naomba uandike hapo kwamba mchezo wenu umenisababishia mazungumzo.

7. Fedheha. Kaka alikuja akatazama foleni yangu, mdomoni ana mkate. Akasema, "Subiri kwanza. Yaani Kobe, umeikimbia kaunta ya shangazi, ukaenda kufungua ya kwako?" Akacheka mpaka akapaliwa, nikalazimika kumpiga mgongoni. Wa kumjibu ni ninyi.

Ndugu Msimamizi, nimelifikiria jambo hili kwa makini na sioni mtakavyojitetea. Mtu wa mwisho duniani hana wateja. Mimi nina wateja. Kwa hiyo ama mimi si wa mwisho, ama wao si watu. Kama wao si watu, nimeshona koti la hewa, na mtu anayeshonea hewa anahitaji daktari, ambaye ni mtu, na nitalazimika kuongea naye. Kama wao ni watu, basi kasha lenu limesema uongo, na dunia mliyoniuzia ni ileile iliyoko nje ya dirisha langu, tofauti ni kwamba hii ya kwenu haina vumbi.

Kutokana na hayo, ninaomba yafuatayo, na naamini hayazidi kipimo.

Kwanza, muondoe vitu vyote vya watu katika mji wangu, pamoja na benchi, hata kama lina kivuli.

Pili, mwenye kiti cha njano aonywe. Asiadhibiwe. Aambiwe tu kwamba kinakalika vizuri mno na si haki.

Tatu, na hili lina haraka, mniandikie barua yenye mhuri, imfikie shangazi kabla ya Jumamosi. Ithibitishe kwamba mimi ni mtu wa mwisho duniani, kwa hiyo siwezi kupangiwa kazi ya kaunta, maana upande wa pili hakuna wa kusimama. Mtumie lugha ya heshima, yeye hapendi kuandikiwa kikavu. Mwelezeni kwamba sikatai kumsaidia. Mwelezeni kwamba mtu akinitazama akisubiri nijibu, miguu yangu inajipeleka yenyewe katikati ya suti, na kwamba ningependa sana isijipeleke. Hapana, hilo la miguu msiliandike. Wekeni mhuri tu.

Nisalimie wote hapo ofisini, kila mmoja kwa wakati wake, si wakiwa pamoja. Msalimie aliyebuni kengele, ila mwambie salamu hizo nimezitoa kwa shida. Mama anawasalimu na kuwauliza kama mna vijana ambao hawajaoa. Msimjibu.

Wako katika upweke niliouziwa na ambao bado nausubiri,

Mtu wa Mwisho Duniani
(katika foleni ya watu wa mwisho duniani)

N.B. Kabla sijaituma barua hii, mitambo yenu iliharibika. Mmetuma tangazo la kuomba radhi, kwamba kwa siku ya leo yote kila mchezaji atabaki na vitu vyake mwenyewe tu. Kwa hiyo ile dunia niliyoinunua nimeipata. Nimetembea mtaa mzima mpaka mwisho. Hakuna mtu, kama mlivyoahidi, na kwa kweli mmefanya kazi safi. Nikarudi kwangu, nikasimama nyuma ya ubao. Nilisimama muda, ndipo nikagundua kwamba nasubiri.

Nikazima kompyuta nikatoka, niende tu kuangalia kama na kwa shangazi watu wameondoka. Hawakuwa wameondoka. Walijaa mpaka mlangoni, na yeye yuko peke yake, pasi mkono wa kulia, kalamu mkono wa kushoto, anawanunia watu wote. Alinitazama mara moja akaendelea na kazi. Nikapita upande wake wa kaunta. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni alinisogezea shuka zake, akaniuliza zitakuwa tayari lini. Nikamwambia keshokutwa. Hakusikia. Nikamwambia tena, akasikia.

Shangazi alisema, bila kugeuka, "Na wewe ulikuwa wapi siku zote hizi?" kwa hasira kabisa. Ameninunia mpaka tumefunga. Sijui nikuelezeje jinsi nilivyofurahi.

Kwa hiyo ile barua ya mhuri iacheni, na mengine yote yaacheni yalivyo. Ila mitambo ikipona, kama kuna namna yoyote, waambieni walioniachia nguo kwamba kuanzia sasa nafungua jioni. Mchana niko kazini.