Utambuzi wa Viota vya Mti wa Doña Obdulia

Mheshimiwa mimi mwenyewe, Mkurugenzi wa Wilaya wa Viota, Matawi na Mambo Yanayofanana na Hayo, Baba Paroko, Mwalimu Mkuu, vijana wa mpira mliofungwa jana, akina mama wauza mikate ya chipa, na wadau wote mlioketi chini ya mti huu wa lapacho, hamjambo! (Hatujambo!)

Kilio chenu nakijua. Barabara mpya inapita hapa, mti ukatwe, na Doña Obdulia, aliyeuza chipa kwenye kivuli hiki tangu usichana wake, akanijia ofisini: "Don Wilfrido, sheria inasema mti wenye viota vilivyotambuliwa haukatwi. Njoo uvitambue, mwanangu." Nikamwambia, mama, nimesikia! (Makofi.)

Ndipo serikali yenu sikivu ikabuni mchakato shirikishi, endelevu na wa kidijitali, ambao kupitia semina kadhaa za hotelini kule mji mkuu, Asunción, chai na vitafunio vikiwemo, umefikia asilimia mia moja na nne ya malengo yake, jambo lililowaduwaza hata wataalamu wetu wenyewe. (Vicheko.) Jamani, msicheke, hizo ni takwimu.

Tazameni kile cha tope pale juu. Hicho ni cha alonsito, ndege mchapakazi anayejenga siku zote saba za wiki, kama mimi. ("Jumapili hajengi, Don! Hata mtoto anajua!") Hoja imepokelewa. ("Halafu hicho ni cha nyigu!") Nyigu naye ni mdau! (Paroko anapaliwa na tereré, chai yake ya baridi.)

Semeni nami: Kiota kwanza! Ndege oyee! ("Oyee," ya Paroko peke yake.)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wahisani watakaopatikana, wataalamu watakaoajiriwa, na ofisi ya utambuzi itakayofunguliwa punde tu mradi utakapoanza kufikiriwa. Na kwa namna ya pekee, vijana wale wa misumeno, waliokubali kungoja nyuma ya gari langu mpaka nimalize kusema. Asanteni sana!

(Doña Obdulia anaburuta kiti chake hadi kwenye shina, anakaa. "Umalize wapi, mwanangu? Historia ya maisha yako hujatusimulia!" Kijiji kizima kinaburuta viti. "Tusimulie, Don! Tangu mwanzo!")

Ahaa! Ombi zuri mno. Vijana, zimeni misumeno, kaeni. Nilizaliwa asubuhi moja ya mvua...