Kaimu Msimamizi wa Mashuka

Jumatatu, 8 Juni

Nimekaimu! Msimamizi wetu wa chumba cha kufulia hapa hospitalini amestaafu, na Mkurugenzi ameniambia nishike kiti hadi Ijumaa. Siku hiyo ataamua nani apewe moja kwa moja. Siku tano!

Tatizo ni Mama Pasi. Amepiga pasi humu miaka kumi na tisa, hana cheo hata cha kusingiziwa, lakini kila mtu anamuuliza yeye. Wauguzi wakigonga kidirisha cha kutolea mashuka wanamwita yeye. Hata mimi leo nimejikuta namuuliza sabuni iko wapi. Aibu! Fahali wawili hawakai zizi moja.

Nimebandika Kanuni. Kwanza, amri zote zitoke kwangu. Pili, hakuna shuka wala taulo kutoka bila muhuri wangu. Tatu, koti lolote litakalokutwa limetundikwa msumarini ukutani lifuliwe papo hapo, bila maswali. Mama Pasi amezisoma, akasema hana neno. Hilo ndilo linalonitisha.

Jumanne, 9 Juni

Foleni ndefu kidirishani, na wote wananiita mimi! Mkono umekufa ganzi kwa kupiga muhuri. Muuguzi wa chumba cha upasuaji kaniuliza kama nina akili timamu. Nimemwambia alete swali kwa maandishi.

Nyumbani, mke kanikumbusha kuwa mama yake anapasuliwa ngiri Alhamisi, hapo hapo hospitalini kwetu. Nimemwambia mama mkwe asiwe na hofu, mkwewe ndiye mwenye amri. Kaguna tu.

Jumatano, 10 Juni

Mbinu mpya. Nimemhamishia Mama Pasi kwenye vikapu vya nguo chafu, mbali na kidirisha. Kaenda bila kununa. Ana lake jambo!

Mchana pasi kubwa ikaanza kutoa moshi. Wenzake wakataka kumkimbilia. Nikawakataza. Wakasimama wanaitazama pasi, nami naitazama. Moshi ukazidi. Mwisho nikazunguka kwa mlango wa nyuma kumuuliza mwenyewe, kwa siri. Kasema nizime swichi.

Alhamisi, 11 Juni

Saa mbili asubuhi nilivua koti kwa sababu ya joto, nikalitundika msumarini, nikaenda msalani. Kurudi, msumari mtupu. Koti limo ndani ya mashine namba mbili, linazunguka, na muhuri mfukoni! Wakasema wamefuata kanuni ya tatu, bila maswali. Mlango wa mashine haufunguki mpaka imalize kufua, dakika arobaini.

Hapo hapo kidirisha kikagongwa. Mashuka ya upasuaji, haraka, mgonjwa yuko kwenye machela mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Nikauliza mgonjwa gani. Mama mkwe! Hajala tangu jana, na anamtangazia kila daktari kwamba mkwewe ndiye mkubwa wa mashuka.

Nikaganda. Nikitoa bila muhuri, kanuni imekufa, na cheo kimekufa nayo. Nisipotoa, narudi nyumbani na uso gani? Wote wananitazama. Muuguzi akagonga tena, safari hii kwa ngumi. Niliogopa, sifichi.

Mama Pasi akaacha vikapu, akanawa mikono, akanipita, akasukuma mafurushi mawili kidirishani. Wala hakunitazama.

Mama mkwe kapasuliwa salama. Nimelia kidogo stoo, nyuma ya sabuni. Mashuka thelathini yaliyofuliwa pamoja na koti yametoka zambarau, kwa wino wa muhuri.

Ijumaa, 12 Juni

Mkurugenzi kaja saa nne. Kawauliza wafanyakazi mmoja mmoja, wakikwama humwendea nani. Mimi hakuniuliza, nami nilikuwa tayari kujitaja! Msimamizi ni Mama Pasi, kuanzia leo. Mimi nimepewa vikapu. Mke kasema nikamshukuru yule mama kwa magoti.

Nimetafakari mchana kutwa juu ya nguo chafu, na kosa langu nimeliona. Nilikuwa mpole mno. Mtu katoa mafurushi mawili bila muhuri, mchana kweupe, na hakuna aliyemchukulia hatua! Ofisi haiendeshwi hivyo. Nimemwandikia Mama Pasi barua ya onyo kali, ukurasa mmoja na nusu. Na kwa kuwa barua ya onyo haina nguvu bila saini ya msimamizi, nimempelekea yeye aidhinishe.

Kasema niiache mezani, ataisaini akimaliza kupiga pasi. Namsubiri hapa mlangoni.